Gari Lina Bima: Bima ya Nini?

Haya ni maneno aliyoyasema mwanachama mmoja, dereva wa miaka mingi na aliyepata kuwa katibu wa kikundi cha ushirika, mbele ya mkutano wa madereva, waendesha bodaboda na wenye magari mjini Morogoro. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wetu wote, walio na chombo na wasio nacho.



Mimi si msemaji. Kazi yangu ni usukani, na mtu wa usukani amezoea kutazama mbele, si kutazamwa na watu wengi namna hii. Lakini mwenyekiti alinifuata nyumbani akaniambia, "Ndugu, lile jambo lililowapata, njoo uwaeleze wenzio." Nikamjibu kuwa lile jambo ni aibu yangu. Akasema, "Ndiyo maana nataka ulieleze wewe." Basi nimekuja.

Nitasema mambo matatu: wizi wa vyombo vyetu, bima, na pombe. Mtu aweza kudhani kuwa haya ni mambo matatu mbalimbali. Mimi nilidhani hivyo. Yalinikuta yote matatu usiku mmoja.

Kisa cha pikapu yetu

Tulikuwa watu 14 katika kikundi chetu. Wengine walikuwa wakulima wa mboga kule Mgeta, wengine wachuuzi wa sokoni hapa mjini, na sisi wawili watatu tulikuwa madereva. Tuliona kila msimu mboga zetu zinasafiri kwa magari ya watu wengine, na nauli inakula jasho letu. Tukasema, kama kweli twaamini kujitegemea, tujitegemee. Kwa muda wa miaka miwili kila mmoja aliweka kidogo kidogo mpaka akatimiza shilingi milioni 1. Tukanunua pikapu iliyokwisha kutumika, kwa shilingi milioni 14. Siku ilipofika, ndugu zangu, kina mama walipiga vigelegele. Mama mmoja mjane, aliyeweka fedha zake kwa kuuza karoti na kabichi, alilipapasa lile gari kama mtu apapasavyo kichwa cha mtoto.

Mimi nilichaguliwa katibu. Kazi ya kukata bima ikawa yangu. Nilipofika kwa wakala akanitajia bei mbili: bima kubwa na bima ndogo. Tofauti yake siku ile ilikuwa kama shilingi laki 4. Nikajiambia, laki 4 ni matairi mawili mapya na mafuta ya safari kadhaa. Nikakata bima ndogo. Sikuuliza kitu. Nikarudi mkutanoni nikasema, "Ndugu, gari lina bima." Watu wakapiga makofi. Nikaandika kwenye daftari la kikundi maneno hayo hayo matatu, nikatia sahihi.

Miezi minne baadaye, dereva wetu, ambaye ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alishusha mboga Dar es Salaam, akapokea fedha, akaanza safari ya kurudi. Njiani akasimama penye baa moja ili, kama alivyosema mwenyewe, apate moja ya kuondoa uchovu. Akapata moja, akapata na nyingine. Ufunguo aliuweka mezani, karibu na chupa. Vijana wawili wakaja wakakaa naye, wakamnunulia, wakacheka naye. Alipoinuka kwenda msalani na kurudi, vijana hawapo, ufunguo haupo, na nje gari halipo. Kadi ya gari nayo ilikuwa ndani ya gari, kwa sababu mimi katibu ndiye niliyeiweka humo ili isisumbue.

Nilikwenda polisi, kisha nikaenda kwa yule wakala. Akaifungua karatasi yangu akasema kwa upole, "Mzee, hii ni bima ndogo. Haihusu wizi." Sikuwa na la kumlaumu. Karatasi ilisema hivyo tangu siku ya kwanza, ila mimi sikuisoma.

Tukaitisha mkutano. Nikasimama nikawaeleza. Watu wakanyamaza. Kisha yule mama mjane akauliza swali moja tu: "Katibu, wewe ulituambia gari lina bima. Bima ya nini?"

Sikuwa na jibu. Pikapu haikupatikana mpaka leo, na kikundi kikavunjika mwaka ule ule. Ndugu Mwenyekiti, leo nataka kulijibu swali la yule mama, japo nimechelewa.

Bima ni nini

Zamani za ukoloni neno bima lilikuwa neno la watu wachache wenye mashamba makubwa na maduka. Mwafrika mwenye gari alikuwa wa kuhesabika. Tulipopata uhuru taifa liliona kuwa jambo hili lisiachwe mikononi mwa wageni. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, biashara ya bima ikawekwa mikononi mwa umma. Ilibaki hivyo mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni nyingine. Leo kampuni ni nyingi, na msimamizi wao ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, tunayoiita TIRA.

Nayasema haya ili tujue kuwa bima si kitu cha kigeni. Msingi wake ni ule ule wa kufa na kuzikana. Nyumba mia zinatoa kidogo kidogo, na nyumba moja ikiungua zile 99 zinaijenga tena. Tofauti ni kwamba msiba wa jirani hauandikiwi mkataba, lakini bima ni mkataba, na mkataba unafuata yaliyoandikwa, haufuati uliyoyadhani.

Sasa sikilizeni vizuri. Kuna bima ndogo, ambayo wengine huiita bima ya mtu wa tatu. Hiyo ndiyo inayolazimishwa na sheria kwa kila chombo kinachotembea barabarani, pikipiki na bajaji zikiwamo. Kazi yake ni kumlipa mtu mwingine uliyemdhuru wewe: uliyemgonga akafa au akaumia, na kwa mikataba iliyo mingi, hata ukuta wake au gari lake uliloliharibu. Wewe mwenyewe, gari lako likivunjika, hupati kitu. Likiibiwa, hupati kitu. Likiungua, hupati kitu. Sheria haikuiweka kwa ajili yako, iliiweka kwa ajili ya mtembea kwa miguu.

Kuna bima ya kati, ambayo ni ile ndogo ikiongezewa moto na wizi. Wengi wetu hatujui hata kuwa ipo. Na kuna bima kubwa, ambayo inabeba yote hayo pamoja na gari lako lenyewe linapogongwa, linapopinduka au linapoibiwa.

Mtaniuliza, je, kila mtu akate bima kubwa? Sisemi hivyo. Ukiwa na pikipiki kuukuu ambayo thamani yake imebaki ndogo, huenda ukaona gharama haikulipi. Piga hesabu yako. Lakini kama chombo kile ndicho shamba lako na ndicho ada ya watoto wako shuleni, na kikipotea leo huwezi kununua kingine kesho, basi huna budi kuuliza bei ya bima inayohusu wizi. Na kama chombo ni cha watu 14, si haki mtu mmoja kuamua peke yake ofisini kwa wakala, kama nilivyofanya mimi. Liletwe mkutanoni, watu waambiwe, "Hii inalipa hiki, haimlipi yule, na tofauti ya fedha ni hii." Wakichagua ndogo, wawe wamechagua kwa macho wazi.

Yasiyosemwa kwa sauti

Hata aliyekata bima kubwa asilale usingizi mzito. Yako mambo manne yanayowakwaza watu.

La kwanza ni thamani. Kuna mtu ana gari la milioni 20, anaandikisha milioni 10 ili alipe ada ndogo. Anadhani amemshinda mwenye kampuni akili. Gari likigongwa na matengenezo yakawa milioni 4, kampuni, kwa mikataba iliyo mingi, itamwambia, "Uliweka bima ya nusu ya gari, nasi twalipa nusu ya hasara." Atapata milioni 2, tena zitapunguzwa kwa ile sehemu ya hasara ambayo kila mkataba humtaka mwenye gari aibebe mwenyewe. Na aliyeandikisha zaidi ya thamani naye hafaidiki, maana bima hurudisha ulichopoteza, haikutajirishi.

La pili ni matumizi. Gari limeandikwa kuwa ni la mtu binafsi, nawe unabebea abiria kwa nauli. Siku ya ajali kampuni itauliza, "Abiria hawa saba ni jamaa zako?" Ukikubali kuwa ni abiria wa kulipa, umejifungia mlango. Ukisema ni jamaa zako, umesema uongo, na uongo huvunja mkataba mzima.

La tatu ni anayeendesha. Huu mtindo wa kumpa chombo deiwaka bila kumwuliza leseni ni hatari kubwa. Kampuni humtaka dereva awe na leseni inayoruhusu chombo kile kile. Leseni ya gari dogo haimfanyi mtu kuwa dereva wa lori.

La nne ni karatasi yenyewe. Matapeli wapo, wanauza bima za uongo. Msiridhike na stika wala mhuri. TIRA ina mtandao ambao mtu huandika namba ya chombo chake akaona kama bima imeandikishwa kweli, na ya aina gani, na inakwisha lini. Asiye na simu ya namna hiyo amwombe kijana wake. Fanyeni hivyo kabla hamjaondoka mbele ya wakala, si baada ya ajali. Na fedha zilipwe, stakabadhi ichukuliwe, maana ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi si bima.

Na ikiwa kampuni imekukatalia nawe unaona umedhulumiwa, usiishie kulalamika kijiweni. Andika barua, omba jibu la maandishi, kisha peleka shauri lako TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi hizo ziliwekwa kwa ajili ya mwananchi. Mwananchi asiyezitumia anawaachia wenye nguvu.

Wizi na sisi wenyewe

Sasa nije kwenye wizi. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipotambua pikipiki na bajaji kuwa vyombo vya kubeba abiria kwa kulipwa, vijana wengi wamepata kazi ya halali. Na wezi nao wamepata kazi mpya. Mnazijua njia zao kuliko mimi. Abiria wa usiku asiyebishana juu ya nauli, anayetaka kupelekwa mahali pasipo na nyumba, na anayesema "simama hapo kidogo nijisaidie." Mwingine anataka kujaribu pikipiki kabla ya kuinunua. Mwingine anakuja na soda aliyokwisha kuifungua.

Hatuwezi kumweka askari nyuma ya kila bodaboda. Lakini sisi ni watu wa vijiwe, na kijiwe ni umoja. Nashauri kila kijiwe kiwe na daftari. Kijana akichukua abiria usiku kwenda mbali, amwambie mwenzake: nakwenda mahali fulani, abiria ni wa namna fulani. Iandikwe saa. Asiporudi wala kupokea simu, wenzake wajue pa kuanzia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kuwa hata mtu hupotea hivyo hivyo.

Namba ya chesisi na namba ya injini ziandikwe nyumbani, si kichwani. Kadi ya chombo ikae nyumbani, nakala ndiyo isafiri. Ufunguo usiachwe kwenye swichi hata kwa dakika ya kununua vocha, kwa sababu mbali ya mwizi, hata kampuni yenye kukukatia bima kubwa itakuuliza kama ulikitunza chombo chako kama mtu mwenye akili. Mnyororo na kufuli ni bei ndogo. Swichi ya siri ambayo fundi wako tu anaijua ni bei ndogo. Aliye na uwezo aweke kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari.

Likikwisha kutokea, usizunguke siku tatu ukitafuta kwa waganga na marafiki. Nenda polisi saa ile ile, upewe namba ya taarifa, yaani RB, kisha iarifu kampuni ya bima siku ile ile kama bima yako inahusu wizi. Watataka kadi na funguo zote, na watangoja polisi wafanye upelelezi kwanza. Ukichelewa kutoa taarifa, umewapa sababu ya kukataa. Na gari likipatikana baada ya wewe kulipwa, jueni kuwa ni la kampuni, si lako tena.

Lakini ndugu zangu, nitasema neno ambalo halitawafurahisha baadhi yenu. Vioo vya pembeni, taa, redio na betri zinazoibwa usiku huuzwa mchana. Nani ananunua? Si wageni kutoka ng'ambo, ni sisi. Tunaambiwa kioo dukani ni bei kubwa, pale kwa fulani ni robo ya bei, nasi twakimbilia kwa fulani bila kuuliza kimetoka wapi. Anayenunua kioo cha wizi leo, kesho atauziwa kioo chake mwenyewe.

Na neno la pili. Mwizi akikamatwa asichomwe moto. Najua hasira ilivyo, mimi mwenyewe nimeibiwa. Lakini tumesikia mara ngapi kuwa aliyeuawa alikuwa mtu mwenye pikipiki yake ya halali, ila alifanana na mwingine? Chama chetu kilipigania haki ya mtu kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Hatukuipigania ili tuje kuitupa chini ya mwembe kwa galoni moja ya petroli. Mshikeni, mfungeni kamba, mpelekeni kituoni. Tena aliyekufa hasemi gari limefichwa wapi.

Pombe na usukani

Sasa nifike mahali panapouma. Mpwa wangu si kijana mbaya. Hakuwa mlevi wa kulala mtaroni. Kama mngemwona usiku ule mngesema yuko sawasawa. Na hilo ndilo nalotaka kulieleza, kwa sababu wengi wetu twapima ulevi kwa miguu: maadamu mtu anatembea bila kuyumba, basi aweza kuendesha. Usukani hauongozwi kwa miguu, ndugu zangu. Unaongozwa kwa macho na akili, na hivyo ndivyo pombe inavyovigusa kwanza. Gari lenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde moja. Dereva ambaye pombe imemchelewesha sekunde moja tu kukanyaga breki amekwisha kusafiri mita 22 bila dereva.

Sheria yetu ina kipimo, kama nchi nyingine nyingi: miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo kisizidi 50, na kwa madereva vijana 20. Lakini mimi nasema, ukiwa umebeba watoto wa watu, kipimo chako kiwe sifuri. Huna mizani kifuani ya kukuambia umefika 79.

Tena yapo mambo ambayo twadanganyana. Twaambiana kahawa ya moto huondoa pombe. Twaambiana maji baridi kichwani, au supu, au kutapika. Hakuna hata kimoja kinachofanya kazi hiyo. Pombe iliyokwisha kuingia katika damu husafishwa na ini, na ini halina haraka. Chupa moja ya bia ya nusu lita, yenye kilevi cha asilimia 5, ina gramu kama 20 za kilevi. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 mpaka 10 kwa saa. Maana yake chupa moja yahitaji saa 2 au zaidi.

Pigeni hesabu pamoja nami. Mtu amekunywa chupa 5, akaanza saa 3 usiku akamaliza saa 5. Chupa 5 ni gramu 100. Hata kama ini lake ni lile la haraka, litahitaji saa 10 tangu alipoanza. Atakuwa msafi saa 1 asubuhi. Kama ini lake ni la polepole, ataimaliza saa 5 mchana. Naye zamu yake ya basi ni saa 11 alfajiri. Ameoga, amepiga mswaki, amevaa sare, anawaambia abiria "karibuni", naye bado amelewa. Wala hajui. Kwa hiyo, dereva anayeondoka alfajiri asidhani kuwa ameacha pombe yake kitandani.

Na wale wa gongo na pombe kali wasijione wamesalimika kwa kuwa wanakunywa kidogo. Mnavikumbuka viroba, vile vifuko vya pombe vilivyowekwa katika mfuko wa shati na kunywewa juu ya pikipiki. Serikali ilivipiga marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017, ikafanya vizuri. Lakini serikali haiwezi kupiga marufuku kila chupa. Kinachobaki ni mtu na nafsi yake, na wenzake wa kijiweni.

Pombe na bima

Hapa ndipo mambo yanapokutana. Someni mikataba yenu: kampuni hailipi gari lililoharibika mikononi mwa dereva aliyelewa. Bima kubwa yako, uliyoilipia kwa shida, inageuka karatasi kwa sababu ya chupa tatu. Hata ningekuwa nimekata bima kubwa, ndugu Mwenyekiti, sina hakika kama tungelipwa pikapu yetu, maana tungeulizwa: ufunguo ulikuwa wapi, na dereva alikuwa akifanya nini?

Na yule aliyegongwa? Sheria ilikusudia asikose haki yake kwa ulevi wa mtu mwingine. Kampuni yaweza kutakiwa kumlipa baada ya hukumu. Lakini msifurahi. Ikikwisha kumlipa, yaweza kugeuka na kukudai wewe mwenye gari fedha hizo zote, mpaka nyumba yako na shamba lako. Basi tajiri anayempa dereva mlevi ufunguo ili apate hesabu yake ya jioni anaweka rehani nyumba yake kila siku bila kujua.

Fedha nazo ni jambo dogo. Tarehe 12 Aprili 1984 taifa hili lilimpoteza Waziri Mkuu, Ndugu Edward Moringe Sokoine, katika ajali ya gari pale Dakawa, hapa hapa mkoani kwetu. Simtaji kwa sababu ya pombe. Namtaja kwa sababu barabara haikumjua kuwa ni Waziri Mkuu. Kama inaweza kutunyang'anya mtu wa namna ile kwa dakika moja, kwa nini sisi tuisaidie kwa chupa?

Kuna watu husema, "Nchi ni huru, nakunywa fedha yangu." Kunywa, ndugu. Lakini fedha ni yako, barabara ni yetu sote. Ukinywa, lala pale ulipo, au mpe ufunguo mwenzako asiyekunywa, au panda chombo cha mwingine. Na sisi marafiki tuache woga. Twamwona mwenzetu anayumba kuelekea kwenye gari, twamwambia "pole pole, kaka." Hayo si maneno ya rafiki. Rafiki huchukua ufunguo, akatukanwa usiku, akashukuriwa asubuhi.

Ninayoyaomba

Bwana Mwenyekiti, sitaki mkutano huu uishe kwa makofi. Makofi nilipigiwa siku ile niliposema gari lina bima. Naomba yafuatayo yaandikwe.

Moja, kila kijiwe kianze daftari la safari za usiku kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Pili, kila kikundi chenye chombo cha pamoja kisome mkataba wa bima mbele ya wanachama wote, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Kama umeandikwa kwa Kiingereza, atafutwe mwalimu autafsiri. Mtu asitie sahihi kwa niaba ya wengine kitu ambacho hawakukisikia.

Tatu, dereva atakayekutwa amelewa kazini asimamishwe na wenzake kabla hajasimamishwa na askari, na tajiri atakayemlazimisha dereva mchovu au mlevi kuendesha aelezwe waziwazi kuwa tumemjua.

Nne, anayeuza na anayenunua vifaa vya wizi wahesabiwe kuwa kitu kimoja.

Mpwa wangu aliacha pombe. Sasa anaendesha bajaji, na kila mwezi tulikuwa tukikaa pamoja tukihesabu fedha za kuwarudishia wenzetu. Imetuchukua miaka mingi, tena hatukuweza kuwarudishia wote. Yule mama mjane tulimmalizia mwaka jana. Alizipokea, akazihesabu mara mbili, akaniambia nikae nile. Nilikula. Hakulitaja lile gari, wala mimi sikulitaja.

Nimeeleza kadiri ya uwezo wangu. Sasa mwenyekiti awaulize wanaoyaunga mkono hayo manne, nao wanyooshe mikono.

Uhuru na Kazi.